Hermelinda Mponda Anamú
Miaka thelathini na moja imempitia Hermelinda Suescún tone kwa tone, kama maji yapitayo kwenye karatasi ya kuchujia. Aliingia maabara ya chuo kikuu hapa Bogotá akiwa na nywele nyeusi. Leo ni nyeupe, na kazi ni ileile. Hupokea majani ya anamú, mmea wa dawa za kienyeji, yaletwayo kutoka mabonde ya joto, huyachambua, huyakausha kivulini, huyaponda na kuyaloweka katika spiriti mpaka yatoe yaliyomo. Majani hayo hunuka kitunguu saumu, na harufu yake haiondoki kwa sabuni. Majirani humtania mlangoni, "Doña Hermelinda, leo umepika nini na hujatuita?" Naye hujibu bila kusimama, "Panya. Karibuni."

Wasomi wa maabara hiyo wanajua kwamba seli ya saratani ni mlafi: hubugia sukari kupita seli yenye afya, na kwa ulafi huo hupata nguvu ya kuzaana. Wameona pia, katika vyombo vya kioo na katika panya, kwamba yaliyomo katika anamú huivuruga njia ya kuigeuza sukari kuwa nguvu, seli ikadhoofika. Kuhusu binadamu hawajathubutu kutamka neno. Hermelinda ameshuhudia matumaini mengi yakifia mezani pale, wala haulizi tena.

Mwaka jana dada yake mkubwa Otilia, mjane anayeishi naye, alipatikana na saratani ya titi. Jioni moja, akitaka kumliwaza, Hermelinda alimwambia, "Jani letu linaua uvimbe kwa njaa, dada. Linaunyima sukari." Alisema hayo tu, akainuka kuosha vyombo.

Sisi watu wa milimani asubuhi yetu ni maji moto ya sukari guru, na kipande cha jibini kikiyeyukia ndani. Mtoto aachishwaye ziwa hupewa hayo, na mgonjwa hupewa hayo. Tangu jioni ile Otilia aliyamwaga kila siku katika chungu cha maua. Kisha akaacha viazi, akaacha na mikate ya mahindi, akisema tumbo limejaa. Hermelinda, ambaye hurudi amechoka hata kuvua viatu kwake ni kazi, aliona dada amekonda akadhani ni ukali wa dawa za hospitali.

Siku ya dripu ya nne ya dawa ya saratani, Hermelinda akiwa kando, muuguzi alimpima Otilia, akatikisa kichwa.

"Bibi, kilo saba zimekwenda, na damu imeshuka. Leo hatukupi dawa. Ukiendelea hivi, hatutakupa tena. Kwani unakula nini?"

"Maji," alijibu Otilia. "Na rozari."

Walipofika nyumbani, Hermelinda alimkabili. Otilia alimjibu kwa *sumercé*, neno letu la heshima, ambalo ndugu hawaliachi hata wakigombana.

"Sumercé mwenyewe ulisema uvimbe unakufa kwa njaa. Nikaufungia jiko."

"Nilikuwa nasema habari za panya!"

"Kwani panya hana uvimbe?"

"Panya tunampa jani, hatumnyimi chakula! Panya wetu wanakula kukushinda wewe. Wana mashavu!"

"Basi nipe hilo jani."

"Siwezi, dada. Kipimo cha mtu hakuna anayekijua. Na mwilini una dawa za hospitali. Sijui vitagombana vipi."

"Miaka thelathini na moja unaponda. Na huwezi kumpa dada yako kijiko kimoja?"

Hermelinda alikaa kwenye kiti cha jikoni, na uchovu wa miaka yote ukamkalia mabegani. Hatimaye alisema, "Kosa ni langu. Majani nayachambua moja moja, lakini neno nililileta mezani na takataka zake. Ukiunyima uvimbe chakula, unajinyima wewe kwanza. Bila damu, hakuna dripu."

Akainuka, akavunja sukari guru kwa jiwe, akachemsha, akatia jibini, akamwekea mbele.

Otilia alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Nikifa kwa hiki, nitakuja kukuvuta miguu kitandani."

"Njoo. Miguu yenyewe inauma, labda utainyoosha."

Otilia alicheka, akanywa nusu, akapumzika, akamaliza. Baada ya wiki tatu za supu ya viazi na kugombana, mzani ulionyesha kilo mbili zimerudi, damu nayo imepanda. Muuguzi akaitundika dripu. Kama itafaa, hilo analijua Mungu peke yake. Hermelinda alikaa kando ya kitanda cha Otilia mpaka tone la mwisho, akisinzia huku ameshika mkoba wa dada yake.

Mwenye rehema zisizo na kipimo ampunguzie mja wake Hermelinda uchovu, amrudishie Otilia nguvu zake, na aikunjulie baraka nyumba yote ya Suescún, walio hai na waliotangulia. Amina.