Vielezi vya Kumzikia Shangazi

Kwetu, Kidholuo ni cha kuishi, Kiswahili ni cha kununua na kugombana, na Kiingereza ni cha kuzikwa. Mtu anaweza kuishi Sindo hadi uzeeni bila kumwambia mwenzake "good morning", lakini siku ya kuingia kaburini lazima asomewe wasifu wake kwa Kiingereza, kwenye maikrofoni, mstari baada ya mstari, huku mkalimani akiwarudishia wazee kwa Kidholuo mambo wanayoyajua kuliko anayesoma. Usiniulize kwa nini. Marehemu wenyewe hawajawahi kulalamika.

Mimi nafundisha Kiingereza katika shule ya upili huko Rongo, kwa hiyo ukoo uliniteua kuwa mwandishi wa wasifu wa marehemu wote bila hata kunipigia kura. Kazi yenyewe si ngumu. Kitenzi cha Kiingereza kikifika kwenye matanga yetu hakitembei peke yake. Kinatembea na kielezi chake, kama mheshimiwa na askari wake. Marehemu hakufanya kazi tu, "he worked tirelessly", yaani bila kuchoka. Hakutoa tu, "he gave generously", kwa ukarimu. Na kufa, jamani, kuna kielezi kimoja tu kilichoidhinishwa: "passed away peacefully", kwa amani. Nimewahi kumwandikia "worked tirelessly" mjomba mmoja ambaye kitu pekee alichokifanya bila kuchoka ni kukaa. Watu walilia sana. Mjane wake alinitazama, akafunga upya kitambaa cha kichwa.

Darasani ninafundisha mambo hayo hayo kwa uso mkavu. Nawaambia wanafunzi kwamba vielezi na vitenzi vya Kiingereza vimeoana, na ndoa za watu haziingiliwi. Mvua hunyesha "heavily". Mtu hulala "soundly", fofofo, na hata akikoroma hadi mabati yatikisike, hatuandiki kwamba alilala "loudly", kwa kelele. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba baba yake hula "seriously", bila mzaha. Nilimchorea mstari mwekundu, ingawa baba yake namfahamu na nimemwona akila.

Sasa, shangazi yangu, dada yake baba, aliolewa Sindo, kando ya ziwa, na akachuuza omena, wale dagaa wetu, huko maisha yake yote. Alifiwa na mume akiwa bado kijana. Mambo ya kwetu yanajulikana: mdogo wa marehemu akajitolea kumrithi mjane, awe mke wake. Alikuja jioni moja amevaa koti zuri, tayari kabisa kwa kazi hiyo ngumu. Shangazi alimfukuza kwa mwiko wenye ugali, na maneno aliyomwambia yalisikika hadi kwenye vyandarua vya kuanikia omena. Kesho yake ufuo mzima ulikuwa unayarudia. Yule bwana alioa kwingine, akazeeka, akawa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kila kamati ya mazishi. Alisamehe, alisema. Koti lile hakulivaa tena.

Siku moja nilisoma wasifu wa mchuuzi mwenzake shangazi, kule Magunga. Nilisoma vizuri, kama kawaida. "She patiently endured," nikasema, alivumilia kwa subira, nami nikatua kidogo kama watu wa redio. Baada ya kuzika, shangazi alinikuta kwenye foleni ya chakula.

"Hiyo *pashentili* ni nini?"

"Ni kwa subira, waya," nikamjibu. Waya ndivyo tunavyomwita shangazi wa upande wa baba.

"Subira? Yule? Yule alimwagia bwana yake uji moto kwa miguu!" Watu wa foleni wakageuka wote. "Nani alikutuma umtulize? Mlishindwa kumtuliza akiwa hai, sasa mnangojea afunikwe ndio mumtulize na Kizungu?"

Nilimwambia kwamba ndivyo Kiingereza cha matanga kilivyo, kila kitenzi lazima kipate kielezi. Akafikiri, sahani mkononi.

"Ya kwa sauti wanaitaje?"

"Loudly."

"Laudili." Akaionja kama anavyoonja chumvi. "Laudili. Basi mimi siku yangu, weka hiyo."

"Kwa kitenzi kipi, waya?"

"Zote."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Mtoto wa ndugu yangu, hawa watu wa bwana yangu wataninyamazisha nikiwa kwa sanduku, siwezi jibu. Wewe ndio mdomo yangu. Usikubali." Nikamkubalia mbele ya foleni nzima, na neno lenyewe akaondoka nalo hadi Sindo. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa akilitumia ufuoni kila siku. Mteja akitaka kupunguziwa bei kwa kunong'ona, anaambiwa aseme laudili. Wachuuzi wenzake wakalichukua, kwa kuwa kitu cha bure hakikataliwi.

Alipougua tulimpeleka hospitali Homa Bay, na mimi ndiye niliyekaa naye. Hakufa kwa amani. Maumivu yalipokuja aliyapigia kelele kama alivyompigia mteja aliyeminyaminya samaki wote kisha akaenda zake. Alimwita Mungu, akamwita baba yangu ambaye amekufa zamani, akaniuliza nani ameketi kwenye meza yake sokoni na kama anapima sawasawa. Muuguzi, msichana mpole, akamwambia, "Mama, kindly relax."

"Nirelax haraka ya nini?" shangazi akamjibu. "Si nitarelax na muda?"

Hata sauti ilipokauka, midomo iliendelea kugomba. Nilimshika mkono, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilimpenda mwanamke huyo. Alipotulia, chumba kilikuwa kibaya kwa ule ukimya.

Kamati ya mazishi ilikaa nyumbani kwake, chini ya hema, na chai. Mwenyekiti, bila shaka, alikuwa yule yule wa koti. Kwetu mwenyekiti haombi, hutumia neno "kindly", ambalo kwa Kiingereza ni kwa hisani na kwa Kiingereza cha kamati ni amri.

"Madam, kindly andika," akasema. "She humbly obeyed her husband's family. She patiently endured widowhood. She passed away peacefully."

Aliwatii jamaa za mumewe kwa unyenyekevu! Nilitazama kuta za nyumba ile, kama zingeweza kukohoa.

"Baba," nikasema, "mimi nilikuwa hospitali."

"Na mimi ni mwenyekiti."

Hapo nilimwelewa. Alichokikosa kwa koti alitaka kukipata kwa kielezi. Na angekipata, kwa sababu kinachosomwa kwenye maikrofoni ndicho watoto hukua nacho. Baada ya miaka kumi hakuna atakayekumbuka mwiko, watakumbuka "humbly". Nikaandika nilivyoona mimi. Akapeleka kuchapisha alivyoona yeye. Programu zikarudi zinang'aa, shangazi akiwa mbele, amefumbwa mdomo na mpiga picha, na ndani yake ule unyenyekevu wote.

Siku ya mazishi niliitwa nisome. Mkalimani, shemasi mmoja mwenye sauti nzuri, alisimama kando yangu akiwa ameishika programu. Mimi pia niliishika, kwa ajili ya heshima.

"She sold fish," nikaanza. Aliuza samaki. Mkalimani akangoja kielezi. Hakikuja. Akatazama karatasi, akajisaidia mwenyewe kwa Kidholuo: aliuza samaki kwa unyenyekevu.

"She refused to be inherited," nikasema, alikataa kurithiwa. Kisha nikaongeza, "Loudly."

Shemasi wa watu akarudi kwenye karatasi yake, salama, akasoma kwamba aliuvumilia ujane kwa subira.

"Ok owacho kamano!" ikatoka sauti nyuma ya hema. Hakusema hivyo! Walikuwa wachuuzi wa omena, wamekaa pamoja kwenye mkeka. Wengi wao Kiingereza chao chote ni neno moja, lakini hilo moja walifundishwa na marehemu mwenyewe. "Amesema laudili!" mmoja akapaza sauti. "Tumesikia! Tafsiri laudili!"

Mwenyekiti akasimama nusu, akakaa. Mkalimani akanitazama kwa macho ya kuomba. Mimi nilikuwa nimebakiza sentensi moja, na nilijua vizuri kwamba angeiandika mwanafunzi wangu yeyote ningeichora nyekundu na kuandika pembeni kwamba vitu hivi viwili havikai nyumba moja.

"She died loudly," nikasoma.

Shemasi aliikunja programu taratibu, akaitia mfukoni. Kisha akawaambia watu, kwa Kidholuo safi na bila kuongeza kitu, kwamba mama huyu alikufa akipiga kelele.

Wale wanawake wakainuka mkekani wote kwa pamoja na kupiga nduru. Hawakulia kwa kufuata programu. Walipiga nduru ya ufuoni, ile ya kuitana toka mwisho hadi mwisho, hadi spika zikawa hazina kazi na kuku wakakimbilia migombani. Mwenyekiti alikuwa akinipungia mkono, midomo yake ikisema "Madam, kindly". Nikamwonyesha sikio langu kwamba simsikii. Kisha nikaweka maikrofoni chini, nikaenda kusimama nao pale mkekani, na nikalia.