Simbi za Darasa la Kwanza

Juzi niliteremka Nangurukuru kubadilisha basi, kijana mmoja akanisogezea sinia la simbi, yale makombe madogo ya baharini. "Shikamoo bibi. Hazinuki hizi, nusa mwenyewe." Nikarudi nyuma. Zilikuwa safi, zinang'aa, na yule kijana hana kosa. Lakini nilikaa pembeni nikitema mate mpaka basi likaja. Ngoja nikwambie kwa nini.

Enzi za Mwingereza shule yetu ilikuwa banda la makuti lenye vyumba viwili. Darasa la kwanza tulibanana sakafuni, wasichana tukiwa wanne tu katika kundi zima, jasho linatutiririka na harufu ya samaki wa ng'onda inaingia kutoka kwa jirani. Mwalimu wetu alikuwa kijana mpole kutoka bara. Alianza kwa kupayuka kutwa nzima, maana mwalimu mkuu alipenda kukaa barazani na kusikia shule inavuma. Haikupita miezi mingi, sauti ikamkauka. Akikohoa, leso inatoka na damu. Mwalimu mkuu anamwambia mbele yetu, "Sikusikii!" Bibi yangu peke yake ndiye aliyemhurumia, akinipa chai ya tangawizi nimpelekee.

Ndipo mwalimu akaacha kupayuka. Alituomba simbi, akatugawa vikundi, akawa anapita kati yetu akinong'ona: ongeza tatu, toa mbili, mgawie mwenzako. Basi tukawa tunainamisha vichwa kimya, hata wale waliozoea kusinzia, na hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda kukojoa. Kikohozi kikaanza kumwachia. Nilimpenda mtu yule, nakwambia kweli.

Akasema anahitaji simbi nyingine. Bibi alikuwa amenifundisha: simbi ina mdudu ndani, unaizika mchangani nyuma ya jiko mpaka mdudu aoze aishe, ndipo unaiosha. Mimi nilitaka niwe wa kwanza. Ijumaa, maji yalipokupwa alfajiri, niliokota kopo zima mwambani nikazipeleka mbichi vilevile. Mwalimu, mtu wa bara, hakujua. Alinisifu mbele ya darasa, akazimimina kwenye sanduku lake la mbao karibu na dirisha, akafunga.

Jumatatu akaja mkaguzi, Mzungu, na mwalimu mkuu nyuma yake. Mwalimu, kwa furaha, akafungua sanduku amwonyeshe tunavyohesabu. Loo! Uvundo ule sijaunusa tena maishani. Maji meusi, funza, ute unaovutika. Mtoto mmoja akatapika hapohapo. Mwalimu mkuu alizaliwa pwani na alijua fika simbi mbichi ni kitu gani. Angeeleza kwa maneno mawili. Badala yake akasema, "Bwana mkubwa, huyu ndivyo alivyo, mchafu. Na sauti ya kufundishia hana." Mnafiki mkubwa.

Mkaguzi akauliza nani aliyeleta uchafu ule. Macho ya mwalimu yakapita juu yetu, yakatua kwangu kidogo, yakaondoka.

"Ni mimi," alinong'ona.

"Sema kwa sauti!"

Alijaribu, akashikwa na kikohozi. Wenzangu waliziba pua wakicheka. Nami nikaziba pua, nikacheka kuwashinda wote.

Kabla ya wiki kwisha alikwishaachishwa kazi, akaondoka na kifurushi chake kwa miguu. Mwalimu mkuu akachukua darasa kwa kiboko, shule ikavuma tena, na wale wasichana watatu wakaacha kuja mmoja baada ya mwingine. Nilibaki mimi, nikiimba hesabu nisizozielewa.

Banda lile halipo tena. Bibi hayupo, na mwambani simbi ni za kutafuta. Mwalimu mkuu bado ananitia kinyaa hata kaburini alipo, lakini yeye hakuwahi kumpenda mtu yule. Mimi nilimpenda, na nilicheka.