Meza Tulizowapandia Pofu

Nilitoka Mafinga na begi moja na barua ya mkono kutoka kwa msimamizi wa shamba la miti aliyekuwa amechoka kunisikia nikisema nitaondoka. Nililala Dodoma kwa ndugu wa rafiki, nikalala Singida stendi, na siku ya tatu saa nane mchana nikashuka Katesh, mlima Hanang' ukiwa umefunikwa na wingu kuanzia kiunoni. Hapo nikasubiri siku nzima, hadi nikapata nafasi juu ya tela la trekta lililobeba mbegu za ngano kwenda Basotu. Dereva aliniuliza naenda kufanya kazi gani. Nikamwambia kilimo. Akaniuliza cha nini. Nikamwambia cha kulisha pofu, yule mnyama wa porini mkubwa kama ng'ombe. Akacheka hadi trekta likayumba.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaosoma kilimo na uhifadhi, kwa sababu kazi hiyo wachache wanaijua. Kampuni ya uwindaji wa kitalii ilikuwa imekodi eneo la vichaka na makorongo upande wa Getanuwas. Wageni walikuja na vibali vyao, afisa wanyamapori akihakiki kila kibali, na kila mgeni aliruhusiwa mnyama aliyeandikwa tu. Lakini mnyama hasomi kibali. Ukimfuata porini siku nzima anaweza kukupita nyuma. Ndiyo maana kampuni ilipanda mashamba madogo ya malisho, nusu ekari hadi ekari moja, ili wanyama wazoee kuja wenyewe mahali mwindaji anapoweza kuwatazama kwa utulivu na kumchagua dume mzee aliyekwisha kuacha watoto. Sisi wafanyakazi tuliyaita meza.

Siku ya kwanza Meneja, mtu mrefu aliyevaa kofia hata akiwa ofisini, alinitembeza meza zote nne kwa miguu.

"Umesoma hadi wapi?" aliniuliza.

"Kidato cha nne, Bwana Meneja. Kilimo nilipata B."

"Vizuri. Sasa sahau kupanda kwa ajili ya kuvuna. Hapa tunavuna nyayo."

Akanifundisha kanuni ambazo nazikumbuka mpaka leo. Meza huwekwa pembeni mwa kichaka, si katikati ya uwanda, maana mnyama anataka kula akiwa na pa kukimbilia. Kibanda cha kuvizia hujengwa upande ambao upepo unatoka mezani kuja kibandani, usiende kinyume. Tulipanda ngwara, maharage yale yanayotambaa, pamoja na ngano iliyobanana ili iliwe ikiwa bado changa. Meza yote huzungushiwa boma la miiba mpaka ngwara ipite goti na kuanza kutoa maua. Hapo tunafungua mdomo mmoja tu, unaotazama porini. Pofu akiingia kwa mdomo huo, akashiba, atatoka kwa huohuo na kurudi alikotoka. Upande wa mashamba ya wanakijiji haufunguliwi kamwe. Meneja alilisema hilo mara tatu.

Nilipewa Meza ya Tatu. Ya Nne, ng'ambo ya korongo, ilikuwa ya Bura.

Bura alikuwa mtu wa Tlawi, kule juu Mbulu kwenye baridi, tumezaliwa karibu mwaka mmoja. Aliishia darasa la saba. Alivaa koti moja la sufu lililonuka ng'ombe, masika na kiangazi. Asubuhi ya kwanza nilipomkuta ameinama njiani juu ya nyayo, nilimuuliza anatafuta nini.

"Nasoma," alisema. "Njoo nawe usome, Fomfoo. Au wewe unasoma za Kiingereza tu?"

Jina hilo, la kidato changu cha nne, likaniganda. Hata Mwindaji Bingwa, yaani yule mwenye leseni ya kuongoza wageni, akaniita Fomfoo. Nilicheka na wenzangu. Lakini tangu asubuhi ile nilianza kuhesabu.

Nilihesabu nyayo. Mimi nilipima nafasi za mistari kwa kamba, nikaweka mbolea ya mfuko, nikapalilia hadi udongo ukang'aa. Bura alipanda kama mtu anayerushia kuku mtama. Magugu aliyaacha, na katikati ya meza yake aliacha kichaka kizima bila kukigusa. Kila alfajiri nilipita kwangu nikakuta nyayo za funo na swala wawili watatu. Nikivuka korongo, kwa Bura ardhi ilikuwa imekanyagwa kama zizi.

Nilimuuliza siri. Sikuona aibu kuuliza. Aibu ilikuja aliponijibu.

"Samadi," alisema. "Pofu wa huku wamekua wakinusa ng'ombe, hawaogopi. Hiyo ya mfuko inanuka duka. Kichaka ni cha mama mwenye ndama, amlaze pale yeye ale. Na magadi kidogo, nayatoa kule ziwa Balangida, nawawekea walambe."

"Basi?"

"Basi. Ulitaka niseme kuna mganga?"

Sikumwamini. Mtu mwenye wivu haamini jibu fupi. Niliona ameniachia maganda na kubaki na kiini, wakati jibu lote lilikuwa limekwisha kutolewa. Samadi yenyewe aliipata kwa kwenda kulima siku moja katika shamba la mtu, naye akapewa kuijaza tela. Mimi niliona huko ni kujishusha. Hivyo nikabaki na mbolea yangu ya mfuko na hasira yangu, miaka saba.

Msinielewe vibaya, ilikuwa miaka mizuri. Mpaka leo nikisikia mtu akivunja vijiti nageuka, maana dume zee la pofu likitembea magoti yake hulia hivyohivyo, ta, ta, ta, unalisikia kabla hujaliona. Hakuna kazi nyingine niliyofanya kwa muda mrefu hivyo. Lakini kumbukumbu zile zote zina Bura ndani yake, amesimama upande wa pili wa korongo, na pofu wanamwendea yeye.

Mwaka wa nane Meneja alitangaza kwamba atateuliwa msimamizi wa meza zote, mtu mmoja, mwisho wa msimu. Kila mtu alijua kuwa ni kati yangu na Bura. Msimu huohuo akatokea dume ambalo Mwindaji Bingwa alisema hajaona mfano wake, jeusi shingoni kwa uzee. Lilikuwa likishuka korongo kila jioni na kundi lake, likipita hatua thelathini kutoka kwenye boma langu, bila hata kugeuza kichwa, linakwenda kula kwa Bura. Ngwara yangu ilikuwa bado chini ya goti. Nilichelewa kupanda kwa sababu ya kupima kwa kamba.

"Bura, dume hilo ni lako," Mwindaji Bingwa alimwambia mbele yetu wakati wa chai. "Mgeni akija mwezi ujao nakaa kwenye kibanda chako."

"Ni la Mungu, kaka," Bura alisema. "Mimi napika tu."

Wote wakacheka. Nikamwaga chai yangu, nikaondoka.

Jumapili iliyofuata Bura na wengine walikwenda kanisani. Mimi nilisema tumbo linaniuma. Mchana kweupe nikaingia stoo, nikachota magadi kwenye gunia la Bura, nikaenda kwenye meza yangu na panga. Nikakata boma kwenye kona ya chini, pale njia ya pofu inapopita karibu zaidi. Nikamwaga magadi kutoka njiani hadi ndani. Kona hiyo ndiyo iliyotazama mashamba ya kijiji. Nilijua. Nilijiambia kwamba nitaiziba kesho; nilitaka tu nyayo za dume lile zionekane kwangu Jumatatu, Meneja azione.

Zilionekana. Kundi zima liliingia, likalamba magadi, likamaliza ngwara yangu changa kwa muda mfupi maana haikuwa na kitu, kisha, badala ya kurudi porini likiwa limeshiba kama lilivyozoea kwa Bura, likatazama mbele na kuiona ngwara iliyokomaa, yenye maganda. Ilikuwa ya Mama Paulo, mjane aliyeishi na wajukuu wake upande wa chini wa meza yangu. Likaila yote, na mbaazi zake, likalala humohumo.

Asubuhi Mama Paulo alikuja na wazee wanne wa kijiji. Hakupiga kelele. Alimwamkia Meneja vizuri, akamwomba aje aone. Tukaenda sote. Shamba lilikuwa limebaki vijiti.

"Nilikuwa nivune wiki hii," alisema. "Ninyi mnalima chakula cha wanyama. Mimi nalima cha watu."

Meneja alirudi juu hadi kwenye kona ya meza yangu. "Nani amefungua hapa?"

Nikasema, "Sijui, Bwana Meneja. Jana ilikuwa Jumapili."

Akaokota punje ya magadi. Kambini mtu wa magadi alikuwa mmoja. Akamgeukia Bura. "Ulitoka kanisani ukaja kuharibu meza ya mwenzako kwa sababu ya cheo?"

Bura aliinama. Alitazama chini pale konani, akatazama kwa muda. Kisha akatazama buti zangu. Nilivaa buti za mpira zilizolika kisigino cha kushoto, naye miaka minane alikuwa akisoma kila kilichokanyaga eneo lile.

"Magadi ni yangu," alisema.

"Na kona?"

"Magadi ni yangu, Bwana Meneja. Mengine sina."

Nilikuwa na muda wa kusema.  Nilitazama shamba la Mama Paulo nikanyamaza. Bura alifukuzwa siku ileile. Kampuni ikampa Mama Paulo mahindi. Mwisho wa msimu nikawa msimamizi.

Nilihamia Meza ya Nne. Niliacha kichaka katikati, nikaweka magadi, nikatupa mbegu bila kamba. Kwa samadi niliandika barua na kutuma trekta na tela kijijini. Trekta likarudi tupu. "Wamesema wanaitumia wenyewe," dereva akaniambia. Dume lile halikuonekana tena. Wengine walikuja, wachache, na mgeni mmoja alikaa kibandani wiki nzima akaondoka na picha za kanga.

"Bura angejua limekwenda wapi," Mwindaji Bingwa alisema, bila ubaya, huku akifunga begi la mgeni.

Nilikuwa nimepata cheo, meza na kibanda, na bado nilikuwa namwonea wivu mtu asiyekuwepo. Msimu wa pili nilikwenda mwenyewe kwa Mama Paulo kuomba samadi. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika. Shamba lake lilikuwa zuri kuliko langu. Nikamsifia.

"Ni mbegu ya Bura," alisema. "Alipofukuzwa hakwenda kwao moja kwa moja. Alikaa hapa siku tatu, akanilimia upya na kupanda. Wajukuu walimlilia alipoondoka."

Sikumwomba tena samadi. Nilirudi ofisini nikaandika karatasi mbili. Ya kwanza ilieleza nilichofanya Jumapili ile, ya pili ilikuwa ya kuacha kazi. Meneja alizisoma zote akavua kofia, mara ya kwanza mimi kumwona kichwa.

"Miaka miwili umenyamaza. Kwa nini leo?"

"Nilidhani nikipata nafasi hii wivu utakwisha. Haujaisha."

"Nitamwandikia arudi," alisema. "Wewe usiwepo."

Barua hiyo niliomba kuipeleka mimi. Nikapanda hadi Mbulu, na kesho yake asubuhi mapema nikafika Tlawi, ukungu bado umelala mabondeni. Bura alikuwa anakata majani ya ng'ombe kwenye ukingo wa tuta. Koti ni lilelile.

"Fomfoo," alisema. "Umepotea njia au umesoma vibaya?"

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza huku akifunga mzigo wa majani.

"Nilizijua buti zako palepale," alisema.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekwenda wapi? Miaka minane unatusimulia ulikotoka, Mafinga, Tunduru, sijui wapi. Hujawahi kutaja unakorudi. Mimi nilikuwa na hapa."

Mkewe alituletea makande na maziwa. Bura akasoma barua ya Meneja, akaikunja, akaiweka mfukoni, akasema hatarudi, ng'ombe wake mmoja anakaribia kuzaa. Kisha akaniambia nikae nao mpaka mavuno, kuna chumba. Hakuwa anafanya mzaha.

Nimesema nawaandikia kuhusu kazi, basi niseme la kazi. Kanuni za upepo na boma mtazipata kwa yeyote. Mtu ambaye mikono yake inaijua kazi kuliko yako atakapokujibu kwa ufupi, mwamini siku hiyohiyo, ukaende kulima kwa jirani upate samadi. Mimi nilikuwa na miaka minane ya kufanya hivyo, ng'ambo tu ya korongo.

Nilikaa kwenye kigoda cha Bura nikatazama matuta yake, moshi wa jiko lake, ng'ombe wake watatu. Niligundua nimewahesabu. Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha, nimepewa, na hata huo uwezo wake wa kunisamehe kwa urahisi nikauonea wivu. Nikajua nikikaa hapo mpaka mavuno nitamhesabia na watoto.

"Gari la Mbulu litaniacha," nilisema.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Gari hupita saa nane mchana, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.  Alinisindikiza hadi barabarani, akanipa mkono, akarudi kwenye majani yake. Nilitembea hadi mjini kwa miguu, ili akitazama chini kutoka shambani asinione nimekaa nikisubiri.