Mchana Nilipokishika Kichwa Changu

Juzi kanisani nilimwona mtoto akiyumba mbele na nyuma kwenye benchi, mama yake akiona aibu. Hata mimi niliyumba hivyo tangu nilipojua kuketi. Leo najua watoto wengi hujituliza vile, lakini Kukhu, mama yake baba, alisema nitakitikisa kichwa mpaka king'oke, nami nikaamini.

Kwa hiyo Mama aliponipeleka hospitali ya misheni, nilikishika kichwa kwa mikono miwili njia nzima, huku matrekta ya miwa yakitupita kwa kishindo na kuacha harufu tamu ya miwa mibichi.

"Anafanyanga hivi kila siku, Sista," Mama alimwambia muuguzi.

Sista alinipima, kisha akaniuliza, "Ukiyumba unasikia aje?"

"Vizuri."

"Basi mama, mwache. Ataacha mwenyewe."

Na kweli niliacha, nikiwa darasa la tano. Lakini siku hiyo tulipofika nyumbani nilianza tena, na Kukhu akanikemea. Mama akaketi mkekani kando yangu, akayumba pamoja nami.

"Kumbe ni vizuri kweli," akasema akicheka.

Kukhu akasogeza kigoda chake, akatuachia nafasi ya kuyumba.