Saa Ishirini na Nne za Verdiana

Verdiana alivaa pete yake siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, katika chumba cha muuguzi Irine pale zahanati. Haikuwa ya kidoleni. Ni pete laini yenye dawa, hukaa ukeni mwezi mzima na kumpunguzia mwanamke hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi.

"Haizuii mimba," Irine alimwambia.

"Ndiyo maana nimeitaka, dada."

"Lakini hailindi papo hapo. Ipe siku nzima, mpaka kesho saa kama hizi."

Verdiana ana miaka thelathini na minne, analima mpunga Magole. Mumewe Ditram hukata miwa Ruhembe, miezi mitano kila msimu. Msimu uliopita alirudi na kisonono, wakatibiwa wote wawili. Kondomu hataki kuisikia, na kupima huahidi tu. Verdiana anamtaka Ditram, na anataka mtoto wake. Woga ndio aliokuwa hautaki.

Alimtarajia Jumapili. Kumbe mvua imesimamisha kazi. Alipofika nyumbani kutoka zahanati alimkuta kibarazani, amekaa juu ya begi, ananukia majani ya miwa yaliyochomwa. Mikono yake ilimwendea kabla yeye hajaamua. Kisha akajitoa.

"Twende Rudewa tukamsalimie mama."

"Leo hii?"

"Leo hii."

Chini ya paa la mama mkwe, mume na mke hawalali pamoja. Ditram alilijua hilo.

"Miezi mitano nimelala na wanaume wanaokoroma, leo unanipeleka kwa kaka yako Optatus?"

"Optatus hakoromi. Anasaga meno tu."

Jioni wanawake walikula ndani, wanaume uani. Verdiana alisikia kicheko cha Ditram nyuma ya ukuta, akarudisha tonge sahanini.

"Unaumwa?" mama aliuliza.

"Nimeshiba."

Ijumaa ilipotimia saa nne alikuwa ameshatazama simu mara sita. Mama alikuwa uani, ameshika jogoo.

"Mkwe wangu hajala kuku. Mtalala na leo."

Ditram, ambaye hawezi kubishana na mkwewe, aliinamisha kichwa. "Sawa, mama."

Verdiana alikuwa na begi begani tayari.

"Mfunge miguu huyo jogoo, mama. Tutaondoka naye."

Mama alilitazama begi, akamtazama mwanawe, kisha akaenda kutafuta kamba.