Siku Nilipomtukana Mwenye Mbuzi

Nichekeni mapema tumalize, kwa sababu kwa jambo hili nimeshachekwa mtaa wetu mzima wa Bulla Pesa na sidhani mtaleta cheko jipya. Mimi, Yusuf fundi wa nguo, mtu mzima mwenye ndevu zangu, nilisimamishwa nje ya geti la baba ya mchumba wangu nikasomewa matusi yangu mwenyewe neno kwa neno, na aliyekuwa anayasoma ni huyo huyo mchumba. Mpaka leo nikiulizwa ilifikaje hapo, naanza kueleza halafu katikati napotea.

Ilianza na kanzu. Nilikuwa nimebakisha wiki moja nimuoe Habiba, binti ya Mzee Adan, yule wa malori ya kubeba mifugo, na kanzu ya nikah nilikuwa nimejishonea mwenyewe (fundi akivaa ya kununua watu watasema nini), nikaifua, nikaianika kwa kamba mbele ya kibanda changu, nikaingia ndani kumpima mteja kiuno. Kutoka, nakuta mbuzi amesimama na mkono wa kanzu mdomoni, anatafuna pole pole huku ananiangalia, kama mimi ndio nimemkatizia chakula. Mbuzi mweupe, ana alama ya rangi ya bluu mgongoni. Mbuzi wa mtaa nawajua wote, wale wanaokula katoni za maduka, lakini huyu sikuwahi kumuona.

Sasa mtu mwenye akili hapo angefanya nini? Angemshika mbuzi, angeuliza jirani huyu ni wa nani, na maneno yangeisha kwa chai. Mimi nilitoa simu nikampiga picha, nikaiweka kwa ile grupu ya mtaa mtandaoni, ambayo iko na watu wengi kuliko msikiti siku ya Idi, nikaandika kwamba mwenye mbuzi ajitokeze. Na hata hapo ningenyamaza ingekuwa sawa.

Wa kwanza kujibu aliweka ile sura ya manjano inayocheka mpaka machozi. Wa pili akauliza kama kanzu ilikuwa na chumvi. Nikavumilia. Halafu akaingia mtu anajiita Mkweli Mtupu (jina lake la kweli sijui mpaka leo, na nimeuliza sana) akaandika kwamba fundi anayeanika nguo njiani ndiye mbuzi. Jamani, damu ilinipanda. Mteja alikuwa bado amesimama na tepu kiunoni, ananiita, mimi naandika. Nilimjibu Mkweli, akanijibu, nikamjibu, mwingine akaingia akasema mbuzi wa mjini hata nyama yake hailiki, mwingine wa Ngaremara akasema hiyo alama ya bluu ni ya kwao na watu wasiwatukanie mbuzi, mwingine akauliza maji yatarudi lini, na mimi nikawajibu wote kwa hasira ile ile, mpaka yule wa maji. Ikafika mahali sijui nabishana na nani wala juu ya nini, nikawa namtetea mtu aliyenitukana na kumtukana mtu aliyekuwa upande wangu. Ndipo nikaandika ile: "Mwenye mbuzi huyu ni mwizi anayelea wezi. Wallahi sitakanyaga mlango wake wala kula chakula chake mpaka nife." Nikabonyeza kabla sijaisoma.

Grupu ikanyamaza. Nikadhani nimewashinda, nikarudisha simu mfukoni nikamaliza kiuno cha mteja.

Mjomba wangu Hassan, aliyenilea na ndiye aliyenipelekea posa, alikuja kibandani akitembea haraka, na Mjomba huwa hatembei haraka. Akaniambia mbuzi yule Mzee Adan alimleta asubuhi hiyo hiyo kutoka Ngaremara, pamoja na wenzake, wa kuchinjwa kwa karamu ya harusi, na mmoja alikata kamba akapotea. Nikamuuliza, harusi ya nani? Wallahi niliuliza hivyo, kichwa kilikuwa kimegoma.

Kufuta nilifuta, lakini watu walikuwa wameshapiga picha maneno yangu wanatumiana. Mzee Adan hakunipigia simu. Alituma mtu aseme kuna maslaha kesho baada ya adhuhuri. (Huku kwetu maslaha ni wazee wanakaa, pande mbili zinasikizwa, jambo linaisha bila polisi. Wengine huitiwa ngamia walioibwa, mimi niliitiwa kanzu.) Na ujumbe ulikuwa wazi kwamba wasiporidhika, posa itarudishwa na Habiba nimsahau.

Tulipofika tukakuta viti vimepangwa nje ya geti, juani. Nikatoa salaam aleikum, Mzee Adan akaitikia, nikataka kusogea nimpe mkono, akaniambia kwa upole nisimame pale pale, kwa sababu nimeapa sitakanyaga mlango wake na yeye hataki kunivunjia kiapo. Wapita njia wakaanza kusimama. Mwenye mkokoteni wa maji akaegesha kabisa.

Sheikh wa msikiti wetu, aliyekaa katikati ya wazee, akasema maneno yasomwe yote tangu mwanzo. Sasa, macho ya wazee na maandishi ya simu hayapatani, Mjomba hakuingia shule, na mimi nikakataliwa kwa sababu mshtakiwa ataruka mistari. Ndipo Mzee Adan akamwita Habiba.

Alitoka, hakuniangalia, akachukua simu ya Mjomba, ambaye naye alikuwa ametumiwa zile picha, akaanza kusoma. Hakuharakisha na hakupunguza kitu. Alisoma mpaka zile sura. Alipofika kwa sura ya manjano yenye machozi, nyanya yake, ambaye sote tunamwita Ayeyo, akamsimamisha akauliza nani amekufa. Habiba akasema hakuna, huyo anacheka. Ayeyo akauliza kama anacheka mbona analia. Wazee nao wakaingilia, mmoja anataka kujua kama huyo alikuwa analilia mbuzi au kanzu, ikabidi niulizwe mimi, nikaeleza, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kutoelewa mwenyewe. Halafu wakakwama kwa yule wa maji, wakitaka kujua yeye alinikosea nini. Sheikh akauliza kesi yenyewe hasa ni ipi, mbuzi, kanzu, watu wa Ngaremara ama maji, na hakuna aliyejua, mimi wa kwanza. Nikaanza kutumaini kwamba tutachanganyikiwa hivyo hivyo mpaka alasiri halafu kila mtu aende kwake.

Lakini Habiba akafika kwa ile. Akaisoma kwa sauti ile ile, "ni mwizi anayelea wezi." Mwizi ni babake, na aliyelelewa ni yeye. Wakati naandika sikuwa nimefikiri kwamba hayo maneno yana mwenyewe. Mzee Adan alikuwa anaangalia viatu vyake, na mimi sijawahi kumuona mzee yule akiangalia chini mbele ya watu. Niliona aibu ambayo siwezi kuwaelezea.

Nikaomba msamaha, nikalia pia, na hayo machozi hakuna aliyeuliza ni ya nini. Sheikh akasema kiapo kina kafara yake, kulisha ama kuvisha maskini kumi, nikasema mimi ni fundi, nitawavisha. Mzee Adan akasema amesamehe, mbuzi ni mbuzi tu. Mjomba akashusha pumzi.

Ayeyo ndiye aliyesema msichana bado hajaulizwa. "Warya, kijana," aliniambia, "kwani wewe unaoa Adan?"

Habiba akamrudishia Mjomba simu, akaniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Yusuf, siku nikiunguza chakula, utaniambia mimi ama utaenda kuandika?"

Mimi, mtu wa kujibu kila mtu, nikakosa neno. Kila jibu lililokuja lilifanana na yale aliyotoka kuyasoma. Akangoja, akachoka, akaingia ndani. Sheikh akasema basi harusi isimame mpaka msichana apate jibu lake.

Siku zilizofuata kila mtu alikuwa na ushauri, mtumie sauti, omba msamaha kwa grupu, peleka shangazi. Mimi nilikaa nikishona nguo za wale maskini nikifikiria. Jibu lilionekana rahisi, nitakuambia wewe, lakini nikijiuliza kama ni kweli, namkumbuka mteja wangu amesimama na tepu ananiita, mimi naandika, na sijui tena. Ijumaa ya harusi ikafika, ikapita, watu wakaniona msikitini na shati badala ya kanzu.

Nilipomvisha maskini wa mwisho nikaenda kwao Habiba, nikapita ule mlango. Habiba alikuwa uani anachambua mchele, Ayeyo kando yake. Nikamwambia siwezi kumuapia kwamba sitakasirika, viapo nimeona vinanipeleka wapi, lakini kabla sijaandika neno kwa watu nitakuja kwake kwanza, hata kama aliyeniudhi ni yeye, na akiniona nimeshika simu uso umevimba aninyang'anye.

Aliendelea na mchele wake.

"Mbona umechelewa kujibu hivi?"

"Nilikuwa nafikiria."

"Enhe," akasema. "Kumbe unaweza."

Tulioana, alhamdulillahi, na nyama ya karamu nilikula. Kujibu mtu hapo kwa hapo nimeacha kabisa. Ukinitukana mtandaoni leo, tafadhali ngoja, na huenda ukangoja mpaka uchoke.