Foto ya Yaya Iliyokataa Kufunguka Beni

Mimi si mtu wa simu. Ikilia na jina la shemeji likitokea, naipeleka mbele ya mama mbio, kama mtu aliyebeba sufuria ya moto bila kitambaa. Kuandika naweza. Kukaa kimya mbele ya mashine naweza hata siku nzima. Ndiyo maana yaya, dada yangu mkubwa, aliponiomba nitengeneze foto ya ndoa yake, nilifurahi: hapa ni kazi isiyohitaji mdomo.

Mchumba wake, ndiye huyo shemeji, ni mwalimu wa shule ya msingi kule Beni, anakaa mtaa wa Beu, na ndoa ilikuwa ifungwe katika parokia yao. Kabla ya ndoa, foto ya wachumba hubandikwa kwenye valve, ule ubao wa matangazo karibu na mlango wa kanisa. Inakaa pale kwa Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi aje aseme. Jumapili ya kwanza ilikuwa imekaribia. Tukiikosa, Kwaresima itatukuta njiani, na katika Kwaresima padri wao hafungishi ndoa. Yaya angengoja mpaka baada ya Pasaka. Na alikuwa amekwisha kungoja vya kutosha: kwanza walingoja kazi ya mchumba, halafu familia mbili zikangojana juu ya mbuzi.

Sekretari wa parokia alitaka foto moja, wachumba pamoja, nyuma yao rangi moja tu. Sasa, hawa wawili walikuwa na foto moja tu nzuri ya pamoja, ile ya siku mbuzi wa mahari walipoletwa kwetu Butembo. Yaya amevaa kikwembe kipya, kitenge cha sherehe. Shemeji amevaa koti lililompita mabega. Katikati yao amesimama mbuzi mweupe, ambaye peke yake ndiye alikuwa anaangalia kamera. Nyuma kuna shangazi wawili wanatafuna, na mlango wa choo.

“Toa ule mbuzi,” yaya aliniambia. “Mais usikate mukono.”

“Mukono ya mbuzi?”

“Ya bwana yangu, we mujinga!”

Nilifanya kazi hiyo Ijumaa baada ya masomo, kwenye duka la baba mudogo, mdogo wake baba, mtaani Vulamba. Anauza chaja, redio, makava ya simu na fleshi za kuhifadhia nyimbo, na nyuma ya meza ana laptop ya zamani ambayo ananiachia nikiwa na adabu. Nilimfuta mbuzi polepole, kuanzia masikio. Shangazi walienda haraka zaidi. Nikaweka rangi ya bluu nyuma, na yaya akawa mzuri kweli, kama mtu aliyeingia studio kwa makusudi.

Tatizo ni kwamba laptop ilikuwa imejaa. Baba mudogo anaimba katika kwaya, na kila tamasha ameliweka mule. Nilipotaka kuhifadhi foto yenyewe, mashine ilisema hapana nafasi. Baba mudogo akachukua fleshi moja kutoka katoni mpya.

“Eka humu,” akasema. “Hii iko na tumbo ya tembo.”

Fleshi zake haziuzwi tupu. Wateja wa kwetu wanapenda ikifika nyumbani iimbe, kwa hiyo yeye anazijaza nyimbo za kanisa kwanza. Nyimbo zilikuwa nyingi, lakini mashine ilionyesha kwamba nafasi iliyobaki ni kubwa sana. Nikabonyeza «Exporter», nikachagua jpeg, nikaielekeza kwenye fleshi. Nikaifungua pale pale. Ikafunguka, tukaangalia, baba mudogo akapiga mluzi. Nikachomoa fleshi, nikaifunga katika karatasi, na dereva wa teksi tunayemjua akaipeleka Beni, shemeji aichapishe studio. Kwa WhatsApp hatukutaka, maana foto za WhatsApp zikichapishwa zinakuwa na ukungu.

Jumamosi asubuhi simu ikalia, ni shemeji. Mama akaweka sauti juu.

“Jambo mama. Niko hapa studio. Foto inakatala.”

“Inakatala nini?”

“Kufunguka. Jina iko, uzito iko, mais foto yenyewe hakuna. Tumejaribu na mashine ingine, ni vile vile. Na sekretari anafunga bureau saa sita.”

Yaya alikuwa anachambua maharagwe. Akaacha mikono ndani ya sinia. “Donc njo Pasaka,” akasema, yaani basi ndiyo tungoje Pasaka, kwa sauti ya chini kabisa, na hiyo iliniuma kuliko kama angenifokea.

Mama akaninyooshea simu. “Wewe njo uliitengeneza. Sema naye.”

Niliishika.

“Allô? Allô? Réseau inaenda?” shemeji akauliza.

“Ni mimi,” nikasema.

“Mimi nani?”

“Mimi.”

“Ah! Kumbe uko na sauti!” Na yaya, hata na huzuni yake, akacheka.

Kwanza nilidhani ni jina, kwa sababu nililiandika refu na alama nyingi. Nikaomba mwenye studio alifupishe. Hapana. Kisha nikawaza labda nimekosea aina ya faili, lakini naye akasoma: jpeg, ni sawa. Ndipo nikakumbuka kwamba mule ndani foto haikuwa peke yake.

“Muulize, nyimbo zinaimba?”

Kwaya ikatoka ndani ya simu kwa nguvu, mama akaanza kufuatisha sauti ya pili bila kujua.

“Na zile za mwisho?”

Mwenye studio akabonyeza ya mwisho. Kimya. Akabonyeza iliyoitangulia. Kimya. Nikafurahi, jambo la ajabu katika shida kama ile. Nyimbo za mwanzo nzima, za mwisho zimekufa, na foto yangu iliingia baada ya zote. Basi foto haikuwa na kosa.

Nilikimbia mpaka dukani. Mama mmoja alikuwa pale anachagua fleshi, amekwisha kushika moja. Kama ningekuwa na muda ningengoja aondoke. Sikuwa nao.

“Baba mudogo, fleshi zako zinadanganya.”

“Zinadanganya nani?” Alinitazama kama vile kinyago kimesema.

“Acha mutoto aseme!” yule mama akasema, akarudisha yake mezani.

Nilichomeka nyingine ya katoni ile ile, yenye nyimbo zake, nikaongeza foto yoyote juu yake. Ikafunguka. Nikachomoa, nikarudisha. Haikufunguka tena. Kumbe mara ya kwanza mashine ilikuwa bado inaikumbuka yenyewe, haiisomi kwenye fleshi. Nikafuta nyimbo zote, nikaweka foto peke yake, nikachomoa, nikarudisha. Ikafunguka vizuri. Fleshi inasema nina nafasi kubwa, kumbe ni ndogo. Nyimbo zinaimaliza, na kinachokuja nyuma kinapokelewa kwa jina tu.

Baba mudogo alikaa. “Donc na mimi walinidanganya.”

“Pole, baba,” yule mama akasema. “Basi niuzie redio.”

Baba mudogo akacheka, mpaka akashika ukingo wa meza. Katoni akaisukuma chini kwa mguu. Lakini nilipomwambia lazima tufute video moja ili foto ipate pa kukaa ndani ya laptop, kicheko kikaisha.

“Gani?”

“Ile kubwa.”

“Mule njo nilisimama mbele!”

“Ni ndoa ya yaya, baba.”

Akaniangalia, akaangalia kioo cha laptop, akabonyeza mwenyewe, uso ameugeuza pembeni.

Kazi yangu ya Ijumaa ilikuwa bado wazi kwenye laptop, maana hatukuizima; nilihifadhi foto upya ndani ya mashine, nikaifunga, nikaifungua tena kuhakikisha. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya: nikampigia shemeji mimi mwenyewe, kwa simu ya baba mudogo. Mwenye studio akachukua simu ya shemeji, akanieleza niitume WhatsApp kama document, si kama foto, nayo itafika bila kupoteza kitu. Bandeli ya intaneti ya baba mudogo ilikuwa inavuta taratibu, ule mduara unazunguka, unasimama, unazunguka. Yaya akafika dukani mikono bado ina vumbi la maharagwe. Tukaangalia mduara.

Sauti ya shemeji ikaja, fupi: “Imefunguka! Imetoka kwa karatasi! Wasingya, wasingya!” Asante ya kikwetu, mara mbili, na nyuma yake pikipiki, maana alikuwa amekwisha kupanda kwenda parokiani.

Jumapili baada ya misa alitutumia foto ya valve. Wao wawili walikuwa pale, juu ya bluu yangu, chini ya kioo chenye mkwaruzo. Yaya aliikuza kwa vidole, akaiangalia mpaka mama akamnyang'anya simu.

“Sasa kikwembe ya bamama wa famille,” mama akasema. “Mi nataka kijani.”

“Kijani? Mama, hapana! Kijani njo rangi ya bidon ya maji!”

“Bidon ya nani?”

Wakaanza kubishana, kwa raha kabisa, na mchana mzima hakuna aliyetamka Pasaka.